Jina la Mama Kwenye Kiitikio

Gitega, Jumapili

Hamisi, mwenzangu wa kundi la muziki, ndiye aliyebeba jeneza la mama begani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Leo nimeimba harusini Muyinga, mara ya kwanza peke yangu tangu Hamisi avunje kundi letu. Nikaanza na wimbo wa shukrani niliomtungia mama. Kwenye kiitikio nikataja jina lake, Mwajuma. Watu wakacheka. Mama mmoja wa meza ya mbele akapaza sauti: "We dada, umekosea! Sema Sandrine!"

Sandrine ni mke wa tajiri anayemlipia Hamisi studio. Kumbe Hamisi ameshaurekodi wimbo wangu, Muyinga nzima inaujua, na mama hayumo tena.

Nikarudia, Mwajuma. Ukumbi mzima ukaitikia, Sandrine. Baba wa bibi harusi akanisogelea kwa upole: "Binti yangu, ukiiga wimbo ya mtu, uiige muzuri. Usituharibie siku."

Nilitaka kumwambia kwamba huo wimbo... Bibi harusi alikuwa amekunja uso, karibu kulia.

Kiitikio cha mwisho nikaimba Sandrine. Vigelegele vikajaa ukumbini, na mimi nikatabasamu.