Baba Amewekewa Kiti kwa Mzee Halfan

S.L.P. 47,
Makambako.
9 Oktoba 1994

Mpendwa Shangazi Idda,

Kamwene, na shikamoo. Poleni na joto la huko Tabora. Mguu wako umepata nafuu? Na wajukuu je, wanakusikiliza au wamekuzoea mno? Sisi huku miili haijambo, na upepo wa Makambako unatupiga kama kawaida yake. Mahindi ya shamba la Kichiwa tumevuna, si haba. Ila mioyoni, Shangazi, hatuko wazima.

Mzee Halfan amefariki. Tulimzika mwezi uliopita, kifua kilimbana ghafla. Najua utalia, maana mlikua pamoja. Lakini habari yenyewe haiishii hapo.

Wewe ndiye uliyetusimulia habari za baba yake, yule mchuuzi wa nguo aliyebaki Njombe baada ya Vita vya Mjerumani. Ulisema Wazungu wa bomani walikuwa na meza yao, na Mwafrika aliisogelea akiwa amebeba sahani tu. Lakini uani kwa Babu Tarsis, hata Mtwa mwenyewe, mkuu wa kabila, na wazee wa baraza lake walimega ugali pamoja na wapagazi, Walutheri pamoja na Waislamu, kwa sababu nyama aliichinja yule mchuuzi na kila mtu aliiamini. Vikaja Vita vya Hitla, vikapita, desturi ikabaki. Ndiyo maana Mzee Halfan naye alituchinjia miaka yote, ubatizo kwa msiba.

Mwezi wa sita kaka Elius alimwoza binti yake, Jasmine. Unajua Elius alivyo siku hizi, tangu mambo yawe ruksa na malori yake ya mbao yaanze kushuka Dar. Aliwaalika wakubwa wa mkoa, akakodi wapishi kutoka Iringa. Meza kuu ilipambwa kwa vitambaa. Majirani wakawekwa nyuma ya turubai.

Mzee Halfan alifika alfajiri na kisu chake, kama siku zote. Mpishi akamwambia nyama ilishaletwa tangu jana. Akauliza imechinjwa na nani. Mpishi hakujua. Elius akatoka, akacheka: "Baba mdogo, siku hizi hatuhangaiki hivyo. Wewe kaa ule tu."

Alikaa, na wanawe, na Waislamu wote wa mtaa wetu. Sahani zikaja, wakazitazama. Walikunywa soda, wakaaga mmoja mmoja kwa adabu. Baba alikuwa meza kuu, ubavuni mwa mgeni rasmi aliyekuwa akihutubia. Aliwaona wakiondoka. Nilimwona akishika kingo za meza kama anayetaka kuinuka, mshereheshaji akamwashiria atulie. Akatulia.

Toka siku ile Mzee Halfan hakukanyaga kwetu. Baba alimfuata mara mbili, akaambiwa amelala. Mara ya tatu alipokwenda, alikuta wanachimba kaburi.

Siku ya hitima tulikwenda. Mimi nilikaa jikoni na akina mama, nikamenya vitunguu, na Mama Zuena, mjane wa Mzee Halfan, akanikumbatia. Kupitia mlangoni nikaona wanaume wamekaa mikekani, watano watano kwa kila sinia, magoti yakigusana. Baba akavua viatu aende kukaa nao. Dulla, mtoto wa marehemu, akamwahi na kiti. Mwingine akaleta stuli, sahani iliyofunikwa, na kijiko.

"Karibu, Mzee Lukas."

Shangazi, mtoto yule tangu aanze kusema amemwita Baba "Baba Mkubwa".

"Dulla, mwanangu, tangu lini nimekuwa mgeni hapa? Nipisheni mkekani."

"Hapana, Mzee," Dulla akasema, macho chini. "Wageni tunawaheshimu."

Hakuna aliyemtukana. Hakuna hata aliyenuna. Baba alikaa kitini peke yake juu ya vichwa vya watu aliokula nao maisha yake yote. Alikiweka kijiko pembeni, akala matonge machache kwa mkono, kwa kuwa chakula cha msiba hakikataliwi. Pilau lililobaki akalifunika tena.

Elius amekwenda kuomba radhi na mbuzi wawili. Dulla alimshukuru sana, akampa chai. Kaka anasema yatapita. Mimi sioni yatapitia wapi, maana hakuna ugomvi wa kusuluhisha. Tumebaki na heshima tu.

Baba sasa anakula chumbani, mlango umefungwa. Juzi nilimpelekea ugali, akaniambia, "Fidelia, mkinizika msipike. Watu wapewe maji ya kunawa, waende makwao." Kama mguu unakuruhusu, Shangazi, njoo ukae naye. Siwezi kukuahidi kwamba atafungua.

Nisalimie Damiano na mkewe Dorosela, na wajukuu wote kwa majina yao. Mungu wa Babu Tarsis akufunike huko uliko.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nisiyechoka kukupenda,

Fidelia