Nina Frigo Mbili, Niwashe Ipi?

Mpendwa mama Odile wa gazeti la parokia, naomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka, mimi ni mke wa mtu hapa Musonoi, mama wa watoto watano, na nyumbani mwangu kuna frigo mbili na umeme wa frigo moja tu, maana tangu kampuni ya migodi iporomoke umeme unakuja saa chache kwa siku, tena dhaifu, tukiziwasha zote mbili taa za mstari mzima wa nyumba zinazimika na majirani wanakuja kunitukana mlangoni, kwa hiyo lazima nichague. Kubwa ni ya mume wangu Numbi, ina milango miwili, aliinunua kwa bei ya kutupa Wakasai walipofukuzwa mkoani hapa na kila mmoja wao akauza alichonacho, anasema itatupatia barafu ya kuuza sokoni kwa kuwa mshahara hatujauona tangu mvua za mwaka jana, na kweli shida ipo, sikatai. Ndogo si yetu. Ni ya mama Ntumba, Mkasai, jirani yangu wa miaka kumi na minne, ndiye aliyenishika mkono nilipomzaa mtoto wangu wa tatu, na walipoambiwa warudi Kasai, ambako yeye hajawahi kufika, aliniachia frigo hiyo nimtunzie wakati wanangoja treni, wanalala stesheni ya Kolwezi chini ya maturubai pamoja na maelfu ya wengine. Mlango wake haushiki vizuri, mota inanguruma bila kupumzika, na Numbi anasema kitu chenye kelele ndicho kinachokula umeme, ile kubwa imetulia kwa hiyo inakula kidogo, shemeji yangu naye anasema niguse mgongo wa kila moja, yenye joto ndiyo mbaya, nimegusa, zote zina joto, nimechoka mama.

Pia niseme kwamba ndani ya ile ndogo kuna chupa nne za dawa ya ugonjwa wa sukari, zile za sindano, za tata Lukusa mume wa Ntumba, zinataka baridi, na Ntumba alikuwa anakuja kuchukua moja kila iliyoko kwao ikikaribia kwisha, lakini vijana wa mtaa wakaanza kuuliza nani anaficha vitu vya Wakasai, na siku ya mwisho alipokuja Numbi alimwambia dirishani, "Mama Ntumba, usikuye tena hapa, batatuunguzia nyumba juu yenu." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza, akaondoka mikono mitupu, na leo ni wiki ya tatu. Sasa Numbi anataka nizime ile ndogo tuiuze. Naomba uniambie, frigo ipi inakula umeme kidogo?

Mama wa frigo mbili, Musonoi

MAMA ODILE ANAJIBU

Mama wa frigo mbili, barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nilitaka kuitupa. Umejaza ukurasa kwa mota na milango, halafu mtu mgonjwa ukamweka chini kabisa, nyuma ya neno "pia". Pia! Kama vile umesahau chumvi sokoni.

Lakini umeuliza, nami nikujibu, usije ukasema mama Odile hajui frigo. Kaka yangu Henri ametengeneza frigo za kambi ya wafanyakazi wa kampuni miaka ishirini. Nilimsomea barua yako, akacheka mpaka akakohoa. "Odile, batu banachaguaka frigo sawa ng'ombe, eti kubwa njo ya muzuri. Courant ya bure njo iliharibisha batu." Na hajakosea. Kampuni ilipokuwa inatulipia umeme, nani kati yetu aliuliza frigo inakula kiasi gani? Tuliuliza kama mbuzi mzima anaenea ndani.

Kelele si kula, mama. Henri anasema ile kubwa haikutulia, imeshindwa kuamka. Umeme wenu hauna nguvu ya kuiamsha, na kila inapojaribu ndipo taa za majirani zinazimika. Nyuma ya kila frigo kuna kibati kimeandikwa wati. Kisome! Yenye namba ndogo ndiyo ya kuanzia. Halafu bana karatasi kwenye mlango wa ile ndogo, uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi inapotelea hapo, na mota itanguruma mpaka Noeli. Osha mpira wa mlango kwa maji ya vuguvugu na sabuni, upake mafuta kidogo. Iondoe karibu na mbabula ya makaa, maana najua iko hapo hapo, nyote mnafanya hivyo. Isigusane na ukuta. Nafasi iliyobaki ijaze chupa za maji ili umeme ukienda baridi ibaki, na umkataze Numbi kufungua kila saa kuchungulia. Washa ndogo. Kwisha.

Sasa tuseme lile ulilolikimbia. Hofu yako naijua, nami ninaishi hapa, nyumba zilizochomwa nimeziona. Numbi ana watoto watano, ana haki ya kuogopa. Lakini kumtunzia mtu frigo na kumnyima kilichomo, hapo hutunzi tena, unaiba. Frigo hiyo haiuzwi, na mumeo aambiwe hivyo na wewe, kwa mdomo huo huo ulioufunga nyuma ya pazia. Nimekasirika, ndiyo. Mwanamke aliyekushika mkono ukizaa!

Zitoe chupa zote nne asubuhi. Zifunge kwa kitambaa chenye maji, uziweke ndani ya chungu kidogo cha udongo, zisiguse barafu, zikiganda zimeharibika. Tia kikapuni, juu yake panga sombe, majani yako ya muhogo. Mama mwenye kikapu cha sombe hakuna kijana anayemsumbua. Zipeleke stesheni mwenyewe, usimtume mtoto.

Na usiniambie nikupelekee mimi. Nimeshajaribu. Jumatano nilikwenda stesheni na masista wanaopeleka uji, nikapita turubai kwa turubai nikimuulizia tata Lukusa wa Musonoi, mume wa Ntumba. Waliitika Lukusa saba. Hakuna hata mmoja mwenye sukari, hakuna aliyeoa Ntumba. Nikarudi nyumbani nimechoka miguu, nikaichukua tena barua yako, ndipo nikaona ulichoandika ukingoni kwa penseli, kwamba kwa usalama majina yote umeyabadilisha.

Basi parokia nzima haiwezi kumpata mtu huyo. Treni inaweza kuitwa siku yoyote. Nenda wewe, mama, ukamwite kwa jina lake.