Mihayo Tumweke Wapi?

Ushirombo,
Agosti 1987

Kwako kaka Mihayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kama unaumwa, basi yawe mafua ya vumbi la kiangazi tu. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako. Maneno hayo kila mtu huyaandika bila kuyafikiri, hata mimi nimeyaandika tangu shule ya bweni. Leo nimeyaandika nikasimamisha kalamu.

Baba anakusalimu. Mguu bado unamsumbua, lakini ng'ombe anakwenda kuwaangalia mwenyewe. Binti yako Esta ameota meno mapya ya mbele na anamwamkia kila apitaye kwa Kisukuma, "mwangaluka", hata mbuzi. Pamba ilikuwa nzuri mwaka huu, ila haijanunuliwa yote. Magunia yamejaa sebuleni mpaka tunapita kwa ubavu, kwa sababu Mama amekataza kuyaweka chumbani mwako.

Mimi niko nyumbani kwa likizo ya Chuo Kikuu. Mara ya mwisho uliniuliza ninasoma nini hasa, nikakujibu kwa uvivu kwamba ni hisabati. Ngoja nikujibu vizuri. Ninasoma jinsi kompyuta nyingi zinavyoweza kugawana kazi moja. Zikifuata saa moja, ni kama wacheza bugobogobo shambani: ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mvivu anaonekana mara moja. Mimi ninashughulika na zile zisizo na ngoma. Kila moja iko mbali na wenzake, ina mwendo wake, nazo hutumiana habari kwa waya, na habari inaweza kufika sasa hivi au ikachukua muda usiojulikana. Kompyuta yenyewe naigusa kwa nadra. Kazi yangu ni penseli na karatasi. Pale chuoni hakuna mwingine anayesoma jambo hili, na mwalimu wangu amekwenda ng'ambo. Siku nyingine jua huzama sijaongea na mtu ila mpishi wa kantini, naye huniuliza tu kama nataka mchuzi.

Kuna jambo limethibitishwa miaka ya karibuni ambalo nimelisoma na kulirudia. Mashine moja ikinyamaza, wenzake hawana njia ya kujua kama imekufa au imechelewa tu. Na ikiwa ni lazima wafikie kauli moja, hakuna utaratibu, hata uwe wa werevu namna gani, utakaohakikisha kwamba wataamua bila kukosea. Mmoja aliyenyamaza anaweza kuwafunga wote.

Nilimweleza Baba. Akacheka, akaniuliza kama serikali inanilipia nisomee uvivu wa mashine. Kisha akasema hayo si mambo ya mashine, ni mambo ya nyumba hii.

Tangu uende kuchimba dhahabu Bugarama, masika mbili zimepita. Mwenzako wa machimboni Masele alirudi akatuambia kwamba duara lenu, ndivyo mnavyoliita shimo, liliingia maji, naye hakukuona ukitoka. Baadaye mama mmoja muuza dagaa akaapa kwamba alikuona sokoni Kagongwa ukichagua blanketi. Baba alikwenda mpaka Bugarama kukuulizia. Wakamwambia vijana wa machimbo hawaagi, leo wako hapa, kesho Geita. Akarudi mguu umevimba, akasema ukoo hauamui mpaka kila mwenye kauli aseme, na mwenye kauli kubwa ni wewe. Bibi alikupa jina la Mihayo, yaani maneno, kwa sababu ulilia kutwa nzima siku uliyozaliwa. Nani angedhani ni wewe utakayekosa neno?

Kila Jumamosi katekista Otmar hupita kukusanya nia za Misa. Husimama mlangoni na kuuliza, "Mihayo tumweke wapi?" Mama hujibu kwamba kwa wasafiri. Jumapili jina lako husomwa pamoja na walio safarini, na mkeo, wifi Theopista, hutazama miguu yake. Valerian, yule fundi cherehani wa Kagongwa, ametuma wazee kuja kumposa. Padri amesema hawezi kubariki ndoa mpaka sisi wenyewe tuseme umefariki. Wifi hajatuomba kitu. Ila siku moja tulipokuwa tunachagua mchele aliniambia, "Wifi, mimi si mke wala si mjane. Hata nguo ya kuvaa siijui."

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi iliyopita Mama alikuwa mashineni kusaga, na Baba alikuwa na ng'ombe. Otmar akaja, akauliza swali lake, nami nikajibu.

"Kwa marehemu."

Akaniuliza kama kuna habari imefika. Nikasema hakuna. Akaandika hivyo hivyo, nadhani kwa sababu mimi ni msomi, akaona najua. Sikujua kitu ambacho wao hawakukijua. Ninachokijua, tena kwa uthibitisho, ni kwamba hakuna awezaye kujua. Nikachagua.

Jumapili jina likasomwa. Wifi alilia kilio ambacho, nadhani, alikuwa amekibeba muda wote huo. Baba hakunikemea. Jumatatu alinyoa nywele kama mfiwa, na kwa hiyo ikawa imeamuliwa. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Lakini bado anakufunikia chakula chako kwa sahani ya bluu, nami namshukuru kimoyomoyo.

Katika vitabu vyangu, aliyechelewa akirudi hukuta uamuzi umepita, naye hana budi kuufuata. Wewe usiufuate, kaka. Ukirudi, ingia na kelele zako zote za siku ya kuzaliwa, uniite mwongo mbele ya kanisa zima. Nitakuwa nimekosea, na sijui kama nitawahi kufurahi hivyo tena.

Barua hii naipeleka kwa sanduku la posta la lile duka la Bugarama ulilokuwa ukitumia. Baba hajui kwamba naandika. Wifi anajua. Nilipomuuliza niseme nini, alisema niandike tu kwamba anakusalimu. Esta anasema mwangaluka.

Nisalimie ulio nao, kama uko na watu.

Mdogo wako,
Coletha