Ziwa Limekuwa Safi

Mpendwa Helka,

Mimi ni mzima, na viazi vimechipua. Umeuliza kwa nini kiwanda chetu cha karatasi kiliacha kumwaga maji machafu ziwani. Si kwa huruma, mwanangu. Wanunuzi wa Ujerumani walitishia kutuhama. Mwaka wa kwanza tulipata hasara, kisha faida ikapanda, kwani maji ya moto tuliyokuwa tukiyamwaga yalitosha kupasha mitambo joto. Chumba cha boila, tanuri lililokuwa likichemsha maji ya kupashia mitambo, hakikuhitajika tena, kikafungwa. Msimamizi wake alikuwa baba yako, na barua ya kumwachisha kazi niliisaini mimi.

"Kaka, umesafisha ziwa mpaka ukanisafisha na mimi," aliniambia.

Kila Jumamosi namsikia akitoka sauna, kile chumba chake cha mvuke wa moto kando ya ziwa, na kujitosa majini. Hajanikaribisha humo tangu mwaka ule. Ukizungumza naye, mwulize kama naweza kwenda.

Baba yako mkubwa,
Ilmo