Ukurasa wa Tarehe Tano

Jumanne, 3 Juni

Bado saa arobaini na moja. Shahada ya tiba ya usemi ninayo, imening'inia ukutani kwa mama. Ila lazima nimalize saa za mazoezi, kila ukurasa wa kitabu changu cha kumbukumbu utiwe sahihi na msimamizi mwenye leseni, kisha mtihani, ndipo nipate leseni yangu. Hadi hapo mimi ni mwanafunzi tu, hata wagonjwa wakiniita daktari wa kuongea.

Leo wagonjwa watatu kliniki ya hospitali. Mtoto wa Matuu asiyeweza kutamka k. Mama wa sokoni aliyepoteza sauti. Mwisho Mwalimu Mutua wa Kithimani, mstaafu, aliyepigwa na kiharusi Aprili. Amebaki na neno moja, "eka", yaani wacha kwa Kikamba. Akitaka uji, eka. Akikubali, eka. Mkewe, Mama Mwende, hucheka, nami hucheka.

Madam Njeri, msimamizi wangu, alikaa kando na simu yake. Akatia sahihi bila kusoma. Huja kutoka Thika Jumanne na Alhamisi. Asipokuwepo, simtibu mtu. Ndiyo sheria.

Alhamisi, 5 Juni

Ujumbe wa Madam saa mbili na nusu: "Leo siji. Wapange Jumanne." Nikapiga. Simu imezimwa.

Mwalimu na mkewe walikuwa wameshafika, wako kwenye benchi la korido. Mama Mwende akampa maji ya chupa. Akakohoa. "Eka" yake ikatoka na majimaji, kama mtu anayesukutua. Nilijua ni nini. Maji yanaingia njia ya hewa. Nilifundishwa mwaka wa tatu. Niliulizwa kwenye mtihani, nikapata.

Nikawaambia warudi Jumanne.

"Na hii kukohoa, daktari? Imeanza juzi."

"Msimamizi ndiye ataangalia, mama. Mimi sina ruhusa."

Wakaondoka polepole, mkewe akimshika kiwiko. Nilipanga faili hadi saa kumi.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna kitu. Nimefua.

Jumanne, 10 Juni

Hawakuja. Saa tano muuguzi akaniambia Mwalimu yuko wodi ya wanaume tangu Jumapili. Nimonia.

Nikapanda. Yuko kwa oksijeni. Mama Mwende akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umekuja, daktari." Nikasema ndio. 

Madam alisoma faili ya Mwalimu mara mbili. Sijawahi kumwona akisoma faili.

Jumatano, 11 Juni

Mwalimu ameaga, saa nne asubuhi.

Nimekula chapati mbili kantini. Nimeongea na watu. Nangoja nilie, kilio hakiji.

Alhamisi, 12 Juni

Madam alifunga mlango. Kitabu changu mezani, ukurasa wa tarehe tano haujajazwa. Kila siku ya kliniki lazima ijazwe.

"Andika mgonjwa hakufika," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nilikuwa kwa kliniki yangu ya Thika, wewe ulikuwa hapa. Wote tuko na shida, Mwikali. Andika hivyo, na zile saa zimebaki tunamaliza mwezi huu. Naweka sahihi hadi ukurasa wa mwisho."

Nikasema nitafikiria. Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira, sikuipata.

Jumamosi, 14 Juni

Mama amepiga simu kutoka Masii. Leseni ni lini? Ameshawaambia watu wa kanisa. Nikasema iko karibu.

Nimekaa kitandani nikiwaza lile neno, ruhusa. Ni kweli, sikuwa na ruhusa ya kumtibu. Lakini daktari wa zamu alikuwa orofa ya chini. Kumwita hakuhitaji leseni. Kumwambia mama yule, usimpe maji kwanza, hakuhitaji leseni. Niliogopa kukosea nikapoteza saa zangu. Basi. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Jumanne, 17 Juni

Nimejaza ukurasa. Mgonjwa alifika. Msimamizi hakuwepo. Dalili za kupaliwa zilionekana. Sikumwita daktari wa zamu.

Madam akasoma. Akavua miwani.

"Hiyo ya mwisho ungeacha. Hakuna mtu amekuuliza."

"Najua, Madam."

Akanirudishia kitabu bila sahihi. "Tafuta mwingine wa kukusimamia."

Bila sahihi yake ya mwisho, saa zote nilizofanya chini yake hazihesabiki. Mwaka mzima. Nikatoa nakala ya ukurasa, nikaipeleka ofisi ya msimamizi mkuu wa hospitali. Karani akagonga muhuri bila kuinua macho.  

Alhamisi, 19 Juni

Nimepiga simu hospitali tatu. Moja wana mtu mwenye leseni. Watanipigia. Mama bado sijamwambia.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeenda Kithimani. Mazishi yalipita wiki iliyopita, viti vya kukodi vimesharudishwa. Mama Mwende alikuwa uani na beseni, akitoa mbaazi mbichi kwenye maganda. Akanivutia kigoda.

Nilimweleza kwa Kikamba. Kiswahili kingenipa mahali pa kujificha. Nikamwambia daktari alikuwa pale chini, nami nilijua maji yanampalia, nikanyamaza.

Vidole vyake vikasimama.

"Ulijua hapo hapo, kwa benchi?"

"Ndio, mama."

"Na watoto nitawaambia aje?"

 Akaangalia lango. Hakulia, hakunifukuza. Hakusema amenisamehe, wala sikuomba. Kisha akalisukuma beseni, likakaa katikati yetu.

Tulitoa mbaazi hadi zikaisha. Akaingia jikoni kuwasha moto. Nami nikachukua ufagio, nikafagia maganda.