Rangi ya Bunduki Kumi

Jumatatu, 3 Februari 1975
Nakwangua tangu asubuhi. Vitako kumi vya bunduki za mgambo wa tawi letu. Mbao tupu, vyuma vimebaki ofisini. Kamanda wao aliingia karakanani bila hata shikamoo, na mimi ni sawa na mama yake. Anataka rangi ya mafuta ya kijani, ile ya madirisha, ing'ae kwenye gwaride Jumamosi. Nimekataa. Haitakauka sawasawa kwa siku hizi chache, na Kariakoo nzima hujipaka mafuta ya nazi usoni kila asubuhi. Italainika kwa mafuta hayo. Akasema mjane wa fundi si fundi.

Nimeudhika mpaka sasa.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata nusu kopo la rangi ya malori kwa mafundi wa gereji, mtaa wa Gerezani. Kijani hiyo hiyo. Nimepaka vipande viwili vya mbao: kimoja rangi ya kamanda, kimoja yangu.

Jumatano, 5 Februari
Nimevisugua vyote kwa mafuta ya nazi, nikavianika juani. Changu kigumu. Chake rangi imenigandia kidoleni. Nikampelekea ofisini. Hakutaka kutazama. Akasema dirisha la kwao lina miaka kumi, rangi haijabanduka.

"Hakuna anayelaza shavu kwenye dirisha," nikamwambia.

Akasema nisipofuata amri, basi sitapata tena kazi ya tawi. Miaka saba nimeishi kwa kazi hizo. Nimeogopa kidogo, kusema kweli. Lakini sipaki takataka.

Ijumaa, 7 Februari
Tisa nimepaka rangi yangu. Cha kumi, cha bunduki ya kamanda, nimepaka rangi aliyoitaka. Nimemweleza wazi mbele ya katibu wa tawi. Akafoka. Muda wa kukwangua upya hakuna. Akachukua chake kinachong'aa, akaondoka.

Jumamosi, 8 Februari
Mnazi Mmoja, jua kali. Amri ya kulenga. Kamanda mbele, shavu kwenye kitako. Waliposhusha bunduki, mashavu tisa safi, moja la kijani. Uwanja mzima ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sijutii.

Jumapili, 9 Februari
Kamanda kaja peke yake, kitako kakifunga kwa gazeti. Shavu jekundu, kalisugua kwa mafuta ya taa.

"Shikamoo, fundi."

Nikaitikia. Nimempa kiti. Rangi iliyobaki koponi inatosha kitako kimoja. Nimeanza kukwangua.