Kiganja cha Mama Mkwe kwenye Besi Yangu

Shoga yangu, nacheka mpaka mbavu zinauma!

Lile gitaa langu kuukuu la besi nililolipiga msasa wiki nzima, leo nimelipaka rangi ya manjano, nikalilaza mezani sebuleni likauke. Mama mkwe akaingia bila hodi. Yule yule anayeliita gogo! Akajikwaa kwenye zulia, akajishikiza PAA, juu ya rangi mbichi!

Kiganja kizima, shoga! Vidole vyote! Mume wangu akakimbilia jikoni kucheka.

Nikachukua kitambaa nifute. Mama akanishika mkono: "Acha, mwanangu. Kimependeza."

KIMEPENDEZA! Kasema yeye!

Halafu akachovya kiganja cha pili kwenye kopo la rangi nyekundu nililoliweka hapo mezani kwa mapambo, akakigandamiza kando ya kile cha kwanza. Eti, "Likikauka, utanipigia nisikie?"